Mama Breki na Zile Hatua Sabini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama unapika, punguza moto kidogo, usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu mmoja, na sitaki upitwe na hata neno.

Tunamkumbuka Mama Breki. Fundi wa breki wa karakana ya mabasi. Miaka ishirini na sita chini ya mabasi, amelala chali, tochi mdomoni. Amefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka hamsini na nne. Presha. Alitoka zamu ya asubuhi, akajinyoosha kitandani mchana, hakuamka. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua. Mkisikia neno pikipiki mnaanza kutikisa vichwa. Hakufa kwa pikipiki. Narudia, hakufa kwa pikipiki.

Pikipiki aliyokuwa anaendesha ni ile ya matairi manne. Ya michezo, nyepesi, ina hasira kama nyigu. Na alichojifunza ni kunyanyua. Yaani matairi ya mbele yanakwenda juu, wewe unatembea na mawili ya nyuma. Alianza akiwa na miaka arobaini na tisa. Ndiyo, umesikia vizuri. Arobaini na tisa.

Sasa ilikuwaje?

Mdogo wake wa kiume, wanamwita Bingwa, ana uwanja wa mazoezi nyuma ya kiwanda cha matofali. Binti ya Mama Breki alikuwa anajifunza pale, kwa mjomba wake. Alikuwa na miaka kumi na saba, damu inachemka. Siku moja akanyanyua, pikipiki ikapitiliza, ikampindukia. Mfupa wa bega ukavunjika. Nilipoongea naye juzi aliniambia hivi: "Nilipoona inanirudia nilitoa mguu ili niruke. Kumbe breki iko kwenye mguu huohuo."

Hapo ndipo penyewe, wasikilizaji. Breki ya mguu ndiyo inayorudisha mbele chini. Gesi, ile ya kuongeza mwendo, inapandisha, mguu unashusha. Lakini mtu akiogopa anatoa mguu.

Mama Breki alitoka hospitali moja kwa moja mpaka uwanjani, na ovaroli lake la kazini. Akamwambia Bingwa kwamba anawafundisha watoto wa watu kupanda tu, hakuna anayewafundisha kushuka. Akasema kuanzia Jumamosi atawafundisha yeye. Bingwa akacheka mpaka akakaa chini. Akamjibu, "Dada, wewe hujanyanyua hata baiskeli. Nyanyua kutoka kwenye pipa lile mpaka getini, filimbi ya mwalimu nakuvalisha mwenyewe."

Kutoka kwenye pipa mpaka getini ni hatua sabini. Nimezipima kwa miguu yangu. Sabini.

Na binti naye kichwa ngumu, wamefanana. Alishasema mfupa ukipona anarudi uwanjani, mama yake apende asipende. Daktari alikuwa amempa miezi sita. Kwa hiyo Mama Breki alikuwa anashindana na mfupa wa mwanawe. Mfupa ukiunga kabla yeye hajafika getini, mtoto anarudi kwenye mafunzo yaleyale yaliyomvunja.

Akaanza. Kila siku baada ya zamu, jua bado liko juu. Gia ya pili, mikono imenyooka, makalio nyuma, kidole gumba kwenye gesi. Na unajua nini? Haikunyanyuka. Wenzake wote walikuwa wanashindwa kushusha, yeye anashindwa kupandisha. Matairi yakitoka chini shubiri moja tu, mguu unakanyaga. Miaka ishirini na moja ya kusimamisha mabasi imekaa kwenye ule mguu. Vijana uwanjani wakawa wanamuuliza kama anaendesha au anakagua. Mmoja akamwambia, mama, hapa hakuna abiria.

Mwezi wa kwanza, shubiri moja. Wa pili, shubiri moja. Wa tatu, bado shubiri moja. Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole sana. Alimwambia kwa upole kwamba labda basi. Mama Breki akamjibu kwamba pedali ya breki ina nafasi kidogo kabla haijashika, na yeye anaitafuta hiyo nafasi.

Kesho yake akachukua kiberiti kitupu, akakifunga juu ya pedali kwa mpira. Mguu ukae juu ya kiberiti, usikiponde. Ukishtuka, kiberiti kinasagika, huna pa kujificha. Wiki ya kwanza alisaga viberiti thelathini na moja. Mumewe aliniambia walifika mahali njiti zote za nyumbani zinakaa kwenye bakuli, na kila jirani akija anauliza kulikoni. Wiki ya nne, kiberiti kimoja kikarudi kizima. Akakileta nyumbani, akakiweka juu ya kabati la vyombo, akaosha mikono, akala.

Mwezi wa sita, siku tatu kabla binti hajarudi kwa daktari, Mama Breki akamwita Bingwa asimame getini.

Akatoka kwenye pipa. Mbele ikapanda. Hatua kumi. Ishirini. Binti alikuwa pembeni anarekodi kwa simu, mkono mmoja, maana wa pili anaulinda bado. Anasema kwenye hatua ya arobaini kulikuwa na kishimo. Pikipiki ikaruka, mbele ikaenda juu kupita kiasi, bampa ya nyuma ikakwaruza changarawe. Ni palepale ilipompindukia yeye. Anasema alifumba macho.

Mguu haukutoka. Ulikanyaga kidogo, mbele ikashuka kidogo, haikugusa chini. Gesi tena. Hamsini. Sitini. Sabini. Pale kwenye mstari wa geti akaishusha taratibu.

Bingwa alivua filimbi shingoni mwake, akamkabidhi. Mama Breki akaivaa, kisha akamgeukia binti yake. Akamwambia, "Mpanda ngazi hushuka, mwanangu. Njoo Jumamosi na kiberiti chako."

Amefundisha miaka minne na nusu. Wanafunzi themanini na kitu. Siku ya kwanza kila mmoja anakuja na kiberiti kitupu, na hanyanyui zaidi ya shubiri moja. Wapo walioanguka, siwadanganyi. Hakuna aliyepindukiwa. Hata mmoja.

Jana Bingwa alikuja hapa studio. Nilimuuliza yeye alijifunza wapi kushusha. Akatoa kiberiti mfukoni, kimepondeka. Akasema, "Mimi miaka yote naweka mguu pembeni ya breki. Ilikuwa bahati tu. Dada alijua, akaninyamazia. Nimeanza somo la kwanza Jumamosi."

Kwa mumewe, kwa binti yake, kwa Bingwa, kwa mafundi wote wa karakana ambao leo wamelala chini ya mabasi bila yeye, poleni sana. Tuko pamoja nanyi. Mungu awape nguvu.

Na wewe unayesikiliza, hebu jiulize jambo moja. Wangapi tumewasukuma wapande, tukapiga makofi, tukaondoka kabla hawajajua kushuka?

Kawaida hapa tunakaa kimya dakika moja. Binti yake ameniomba tusikae kimya. Amenipa ile rekodi ya simu. Ni sekunde kumi na nane. Mtasikia injini ikipanda. Mtasikia ule mkwaruzo kwenye changarawe, msishtuke. Kisha tegeni sikio mwishoni, pale getini, msikilize matairi ya mbele yakigusa chini.

Mimi nimesikiliza mara tisa. Hayasikiki.