Historia ya Dada Yetu, Aliyezikataza Kompyuta Kunyamaza

Ndugu waombolezaji, poleni, na ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, mimi ni kitinda mimba wa nyumba yetu, seremala, ambaye kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi tu, lakini dada aliagiza historia yake niisome mimi, na upo ujumbe wake mmoja ambao bado sijaujibu, nitaufikia.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu baba, fundi wa mabehewa, na mama, mshonaji, ambaye tunamshukuru Mungu tunaye hapa mbele. Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na posta kuanzia 1975 hadi 1981, sekondari ya wasichana hadi 1987, na chuo kikuu, alikohitimu shahada ya hesabu mwaka 1992, na kote huko hakuwahi kushika nafasi ya kwanza, jambo aliloagiza lisifichwe.

Mwaka 1993 aliajiriwa katika kituo cha kompyuta cha chuo, chumba cha chini chenye baridi, ambamo alivaa sweta huku nje jua linawaka. Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa jiografia, wakajaliwa binti mwaka 1997, ambaye leo ni mkunga, na mvulana mwaka 2001, fundi umeme.

Mwaka 2002 aliteuliwa katibu wa kamati ya taasisi nne, zilizotaka kompyuta zao, za aina tofauti na katika miji tofauti, zisaidiane hesabu kubwa, kwani kidole kimoja hakivunji chawa, na kazi ya kamati ilikuwa kuandika viwango, yaani masharti ya kila kompyuta kutangaza huduma inayoweza kutoa, na jinsi ya kuombwa na kujibu. Aprili 2004 idara ya hali ya hewa ilituma hesabu za mvua kwenye kompyuta za chuo, zikakwama kimya kimya, idara ikasubiri siku tatu ikidhani kazi inaendelea, mpaka mto ukafurika ukaingia sokoni bila onyo kutolewa, hakufa mtu, ila wauzaji walipoteza bidhaa zao, na dada akasimama mbele ya kamati akasema kosa ni lake, kwa kuwa rasimu aliyoiandika haikuilazimisha kompyuta iliyoshindwa kusema imeshindwa. Sharti la kwamba kila anayeombwa ajibu, amepokea, anaendelea, amemaliza au ameshindwa, alilipigania mwaka mmoja na nusu, likapitishwa tarehe 18 Novemba 2005, na wenzake wakambandika jina la Mama Jibu. Nyumbani nako kununa hakukuruhusiwa, shemeji akisusa aliulizwa mbele ya watoto kama amepokea, anaendelea au ameshindwa, na mara nyingi alicheka kabla ya kujibu.

Tarehe 3 Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani, na kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, alituandikia ndugu wote siku hiyo hiyo. Wote walimjibu isipokuwa mimi, niliogopa, nikajificha karakanani siku tisa nikipiga randa ubao ulionyooka zamani, hadi alipokuja mwenyewe, akaketi juu ya benchi langu, akaniambia hata kusema umeshindwa ni jibu. Nikamwambia nimeshindwa, tukalia pamoja, na tangu siku hiyo nilimpeleka hospitali kila wiki kwa miezi kumi na sita, ambayo bila yeye kunifuata ningeikosa.

Alifariki dunia nyumbani, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli kila alipouliza, majirani waliopika na kufua bila kuombwa, na wenzake wa kamati, ambao tangu juzi simu zao hazijanyamaza.

Asubuhi ile ya mwisho aliniandikia, nami nikaukuta ujumbe amekwisha kwenda, maneno machache, kwamba mama akae kwangu, nijibu. Dada, nimepokea, mama ninaye, naendelea. Wewe umemaliza, pumzika kwa amani.