Maisha ya Bi Mwiko, na Samaki Ambao Hawakuwa Wake

Dada wa marehemu hakuomba kazi hii ya kuandika wasifu wa kusomwa makaburini. Walikaa sebuleni wenye masomo yao, wakaongea wee, huyu ana kikohozi, yule machozi yatamziba asiweze kusoma, mwisho macho yote yakamgeukia bibi wa miaka themanini ambaye kushika kalamu kwake ni kama kushika jongoo. "Wewe ndiye uliyemjua tangu tumboni, bibi." Ni kweli, alimjua. Lakini mtaa mzima ulipokuwa ukimwita mdogo wake Mama Sumu, hakuna aliyekuja kumuuliza dada mtu anajua nini. Basi kwa kuwa leo ameombwa, ataandika, na ataandika yote, kwa sababu jina hilo haliwezi kuingia kaburini pamoja naye. Mkwe aliyepewa kazi ya kuchapa na kusoma ameonywa asiruke mstari. Alijaribu kuruka mahali pamoja, akarudishwa.

Marehemu alizaliwa mwaka 1951. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, lakini hiyo ni tarehe ya karani aliyechoka kuuliza. Alizaliwa msimu wa kupalilia, mchana wa jua kali, mama yao akiwa ameingia ndani kunywa maji na kusema atarudi shambani sasa hivi. Alikuwa kitinda mimba. Wawili waliomtangulia walichukuliwa na surua kabla yeye hajaota meno, wakabaki yeye na dada yake mkubwa, ambaye alimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuza chini na watu wakaanza kuwacheka.

Aliingia shule mwaka 1959 akaishia darasa la nne, baba yao alipoanguka kwenye jengo alilokuwa anajenga na kuvunjika nyonga. Alikuwa na mwandiko mzuri na alilia kuondoka. Dada yake hakuwahi kuingia darasa lolote. Miaka mingi baadaye, marehemu alipokuwa na kibanda chake cha chakula na kuandika kwa chaki vyakula vya siku, alimsimamisha dada yake mbele ya ule ubao kila asubuhi. "Soma." "Siwezi." "Basi leo huli." Ndivyo dada alivyojua kusoma, akiwa na njaa, na ndiyo maana mpaka leo anaandika neno maharage vizuri kuliko neno jingine lolote.

Kazi aliianzia kwenye kuosha vyombo, mwaka 1966, kwenye mgahawa mmoja karibu na soko. Mwaka 1974 akafungua kibanda chake kwenye mtaa wa maseremala. Wanaoujua mtaa ule wanajua vumbi lake. Misumeno inaanza alfajiri, na unga wa mbao unatua juu ya kila kitu, kwenye nywele, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye chai. Yeye alifunika kila sufuria, akafuta mabenchi kila mteja aliponyanyuka, na chakula kikiwa tayari aligonga ukingo wa sufuria kwa mwiko, ko ko ko, misumeno ikazimika mmoja mmoja mtaa mzima. Hapo ndipo lilipotoka jina la Bi Mwiko.

Pua yake ilikuwa na sifa. Hakuna kitu kilichofika kwenye sahani bila kunuswa, iwe nyama, yawe maharage, yawe mafuta, hata maji ya kunywa aliyanusa. Siku moja tajiri mwenye kiwanda cha milango alikuja kula, akatoa leso mfukoni akaanza kusugua kijiko huku akikikagua kwenye mwanga. Marehemu alimletea beseni zima la vijiko akaliweka mbele yake. "Ukimaliza hicho, mzee, usiwasahau na wenzako." Mafundi walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Tajiri naye akacheka, akala, na alikuja miaka yote iliyofuata bila leso.

Aliolewa mwaka 1977 na mnoa misumeno wa mtaani hapo hapo. Yule bwana alikula kwenye benchi lake karibu mwaka mzima, na kila siku neno lake lilikuwa moja.

"Chumvi imezidi."

"Kesho usije."

Kesho yake yuko pale pale. Mwisho marehemu akampelekea sahani isiyo na chumvi kabisa. Bwana akala yote akasema, "Hii ndiyo yenyewe," na hapo ikajulikana kwamba hakuwa amekuja kwa ajili ya chakula. Walipata mtoto mmoja wa kike. Mume alitangulia mwaka 2009 kwa ugonjwa wa kifua, na marehemu alirudi kwenye sufuria zake mara tu matanga yalipoanuliwa, kwa sababu, alivyosema, nyumbani hakukuwa na mtu wa kulalamikia chumvi.

Sasa dada yake anafika pale ambapo mkwe alitaka kuruka.

Wauza chakula wa mtaa ule wana utaratibu wao, wanauita kushikiana jiko. Mwenzako akifiwa au akiugua, wewe wa jirani unapika kilichomo kwenye vyombo vyake na kuwalisha wateja wake, ili akirudi awakute. Mteja akikaa na njaa siku tatu huhamia mtaa mwingine na harudi. Na utaratibu huo una adabu yake. Hufunui chombo cha mwenzako na kukinusa. Kukinusa ni kumwambia mtaa mzima kwamba mwenzako ni mchafu. Unachukua, unapika, unatoa.

Mwezi wa nane mwaka 2021 muuza samaki wa kibanda cha pili alifiwa na mama yake. Ni mama wa watoto wadogo, mumewe alikwisha kuondoka na hajulikani aliko. Aliondoka asubuhi akilia, akamwachia marehemu ndoo ya samaki na funguo. Marehemu aliwasha moto kwenye jiko lake mwenyewe, akawakaanga wale samaki, akawalisha watu. Yule mwenye pua ya sifa, aliyenusa mpaka maji, siku hiyo hakunusa. Alikuwa na adabu.

Jioni watu walianza kutapika. Wengi walipona. Mmoja hakupona, fundi wa vitanda, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amemtania marehemu kwamba akizeeka atamchongea kitanda cha bure. Alikufa siku ya pili.

Mabwana afya walikuja na utepe wao. Mmoja aliuliza, "Mama, hawa samaki ni wa nani?"

Marehemu alisema, "Wametoka mkononi mwangu."

Aliulizwa tena, akajibu vile vile. Kibanda kikafungwa, akashtakiwa, akahukumiwa asiuze chakula tena. Wasioelewa wanadhani alikuwa anaficha kitu. Kwao wauza chakula jibu ni hilo tu. Kilichotoka mkononi mwako ni chako.

Siku ya nne muuza samaki alirudi kutoka kuzika. Alipita mlango wa jikoni nyumbani kwa marehemu, wa nyuma, asubuhi, na dada mtu alikuwa pale pale anachambua mchele, wala hawakumwona kama ni mtu wa kumficha.

"Bi Mwiko, wale samaki walikuwa wa siku ya tatu. Nilitaka niwatupe. Nilisahau kukwambia, akili yangu yote ilikuwa kwa mama."

"Umemwambia nani?"

"Bado sijasema kwa mtu."

"Basi nyamaza. Mimi wameshanifungia kibanda. Na wewe wakikufungia, watoto wako watakula unga wa mbao?"

Muuza samaki alipiga magoti akalia. Marehemu alimnyanyua akampa chai. Na dada mtu, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, aliapishwa pale pale juu ya ungo wa mchele.

Labda marehemu alidhani mwenzake atasema siku moja, mambo yakipoa, watoto wakikua kidogo. Hakusema. Wateja walihamia kwake, kwa kuwa kibanda chake ndicho kilichokuwa karibu. Siku moja dada mtu alikaa kwenye benchi lile makusudi, akaagiza chai. Fundi mmoja akasema, "Afadhali tumepata pa kula. Kule kwa Mama Sumu tungeisha wote." Muuza samaki alikuwa amesimama hapo na upawa. Akamwambia, "Nikuongezee mchuzi?" Dada mtu aliiacha chai.

Marehemu alianza kuugua mapema mwaka uliofuata. Hospitali walisema vidonda vya tumbo, baadaye wakasema kitu kimeota kwenye utumbo. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa ameacha kula. Mtu aliyelisha mtaa karibu miaka hamsini alikuwa anaweka kijiko mdomoni na kukitoa. Alinusa kila kilicholetwa, akasema kimeoza. Uji wa sasa hivi, umeoza. Maziwa, yameoza. Alinusa mikono yake mwenyewe akaiosha mpaka ngozi ikatoka. Aliwaambia wamwombee radhi kwa mke wa fundi wa vitanda, ambaye hakutaka kumwona, na hakuna wa kumlaumu.

Wiki ya mwisho dada yake alimuuliza.

"Mbona unabeba mzigo wa mtu?"

"Wangu upo, dada. Sikunusa."

"Na wake je?"

"Wake ni wake. Nikiwa nahema, usiseme."

"Na usipohema?"

Alitabasamu kidogo, ndiyo mara ya mwisho kuonekana meno yake. "Hapo sitakuwa na nguvu za kugombana na wewe."

Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 14 Machi 2023, asubuhi, dada yake akiwa amemshika mguu kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa sindano. Alikuwa mwepesi kama alivyokuwa siku zile za mgongoni.

Kabla ya kuandika haya dada mtu alikwenda mwenyewe kwa muuza samaki. Hakutaka mtu aseme amemvamia makaburini. Alimkuta anaparua samaki.

"Mwanangu, nimekuja kwa heri. Siku ya kuzika usimame useme wewe mwenyewe. Mimi nitanyamaza."

"Bibi, nitakula nini? Watanikimbia."

"Kama walivyomkimbia yeye."

"Yeye alikubali, bibi. Alinikubalia mwenyewe."

"Alikukubalia kwa sababu ya watoto. Yeye pia ana mtoto."

Muuza samaki aliendelea kuparua. Dada mtu alisubiri mpaka samaki wakaisha kwenye karai, halafu akaenda zake.

Maana mtoto yupo, na yeye ndiye anayebaki na jina. Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu watatu, na dada. Binti alikifungua kile kibanda mwaka jana, kwa kibali chake mwenyewe, na pua aliyorithi. Alipika wiki nzima. Mafundi walipita wakitazama upande wa pili. Wengine walifika hatua ya kukaa, kisha mtu akapiga mluzi kutoka ng'ambo akasema, "Umeandika wosia?" wakanyanyuka wakicheka. Kila jioni binti alimwaga sufuria zima kwa nguruwe wa jirani, na nguruwe hawakufa. Wajukuu wakiwa shuleni hakuna anayekubali kugawana nao mkate. Hapana kazi nyingine anayoijua yule binti, na hapana mtaa mwingine alikokulia.

Mkwe alisema, mama mkubwa, haya si maneno ya msibani. Basi aonyeshe ni ya wapi. Mahakamani marehemu alikubali kosa, mtaani hakuna anayeuliza, na kesho kila mtu atakuwa kazini kwake.

Kwa hiyo wenye majembe wasubiri kwanza. Muuza samaki yupo, amekaa mstari wa pili, amejifunga kitenge cha kijani, na kuni alizoleta zimepokelewa na zimeshukuriwa. Mwanangu, hakuna anayetaka kibanda chako kifungwe. Anayekugusa, atapita kwanza kwa huyu kizee. Mke wa fundi wa vitanda naye yupo, nyuma kabisa, amekuja ingawa hakutaka kuja, na anastahili kusikia kutoka kwako kuliko kutoka kwenye karatasi. Na ninyi mliokula kwenye lile benchi miaka yote, mnyamaze mumsikilize, msimzomee.

Simama, mwanangu, useme samaki walikuwa wa nani. Jua ni kali na watu wamechoka, lakini sanduku halitashuka mpaka useme. Ukishasema, tutamfunika mdogo wangu, na amani yake iwe kamili.