Mapigo Mawili Masikioni mwa Mzee Leodegar

Baada ya miaka kumi na minne ya kupiga ngoma kwenye kivuko chetu cha Ifakara, Mzee Leodegar anastaafu tarehe 30 Juni 1913. Anaondoka na koti jipya pamoja na sifa tele za Bwana msimamizi, Mjerumani. Sisi wapiga kafi tumeombwa tuongeze zetu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Hermenegildi, mlinzi wa kona ya juu ya mto, akipiga ngoma mara moja, njia ni salama. Leodegar humwitikia kwa ngoma yake, nasi tunatoa mtumbwi. Mapigo mawili ya harakaharaka maana yake kuna kiboko, tusitoke.

Wakati wa Maji Maji aliacha kivuko akakimbilia ndani ya boma la Mahenge, akawa ubavuni mwa bombomu, bunduki ya Wajerumani ya kumimina risasi mfululizo, na hajaacha kujisifu kwamba bunduki ile ilinguruma naye hakupepesa jicho. Jicho kweli halikupepesa. Sikio ndilo lililoharibika, na uzee ukamalizia. Sauti aliisikia, ila mapigo yaliyofuatana upesi kwake yalishikamana yakawa moja. Mkewe, Mama Balbina, ndiye aliyegundua kwanza. Wanawake watatu walikuwa wakitwanga mpunga kwa kupokezana nyuma ya nyumba, mzee akafoka kwamba anatwanga mmoja na wawili wanapiga soga.

Tulimsihi mapigo yaachanishwe, au Hermenegildi apandishe kitambaa. Shikamoo zetu alizipokea, ushauri akautema.

“Nyie watoto wa juzi ndio mnifundishe mimi ngoma?”

Bwana msimamizi, aliyedhani kila kiziwi anahitaji kelele tu, akampelekea Hermenegildi ngoma kubwa zaidi. Ikavuma mpaka Lumemo, na mvumo wa pigo la kwanza ukalimeza la pili. Sikio la kufa halisikii dawa, ila safari hii aliyekufa ni mwingine.

Masika haya Hermenegildi alipiga mawili. Sote tulisikia mawili. Leodegar akasikia moja, akatuamuru tutoke, na anayebishia ngoma ya kivuko huchapwa bomani. Tukatoka. Kiboko akaupindua mtumbwi katikati ya mto, na Dionisi, mpiga kafi wa mbele, hatukumwona tena. Bwana msimamizi alitoa hukumu kwamba kosa ni la mnyama.

Asante, mzee, kwa siku zote ulizotuvusha salama. Nenda ukapumzike, ule wali wa Mama Balbina, uvae koti lako, na Mungu akujalie ile miaka ambayo Dionisi hakuipata.