Papa Télesphore, Mkalimani wa Dzaleka, Anahamia Kiti cha Mbele

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Papa Télesphore Wabiwa atarudisha ufunguo wa Ofisi ya Ukalimani ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Katika miaka hiyo ametafsiri Kiswahili, Kirundi, Kifaransa, Kichewa na Kiingereza. Daftari zake zinajaza masanduku mawili ya bati, na kila daftari imeandikwa mwaka wake kwa wino mwekundu, kwa sababu kabla ya kuwa mkalimani alikuwa mwalimu.

Alizaliwa Uvira, Kongo, mwaka 1963, akafundisha darasa la tano huko hadi vita vilipofunga shule. Alifika Dzaleka mwaka 2001. Kichewa alijifunza sokoni: alianza na "zikomo", yaani asante, akaendelea na majina ya mboga, na baada ya mwaka mmoja aliweza kugombana na mwenye kabaza, baiskeli ya abiria, kuhusu nauli bila kumkosea adabu. Machi 2003 ofisi ilimwajiri.

Kazi hii ina kanuni moja kubwa. Anayetafsiriwa akisema "mimi", mkalimani naye husema "mimi". Haongezi neno, hapunguzi, wala hasemi "mama huyu anadai kwamba". Papa Télesphore aliishika kanuni hiyo tangu wiki ya kwanza, alipomsindikiza mama mmoja kliniki na kumwambia muuguzi, bila kucheka, "Nina mimba ya miezi saba na miguu inanivimba." Muuguzi alikuwa mgeni kazini na alikuwa na foleni ndefu. Akajaza kadi ya uzazi kwa jina la Wabiwa Télesphore. Kadi hiyo bado ipo katika sanduku la kwanza, na anayetaka kuiona huonyeshwa.

Wengi wetu tulimfahamu zaidi mwishoni mwa mwaka 2023. Nchi ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni, mafuta yalikuwa ya foleni, na mwezi wa Novemba thamani ya kwacha ilishushwa. Yalifuata matangazo mengi kuhusu mageuzi: serikali ipunguze matumizi, bajeti ifuatiliwe kwa karibu, wananchi wasikilizwe kabla ya mipango kupitishwa. Matangazo yalikuwa ya Kiingereza na Kichewa. Kambini watu walijua tu kwamba unga umepanda.

Kila Jumatano Papa Télesphore aliyasoma matangazo hayo kwa Kiswahili mbele ya ofisi, akianza na sehemu mbaya ili mtu mwenye haraka asiondoke na habari nusu. Siku ya kueleza mfumuko wa bei alileta mandazi mawili ya Gakiza, mfanyabiashara wetu wa sokoni. Moja alilinunua Oktoba na kulihifadhi, likawa gumu kama jiwe. La pili lilikuwa la asubuhi hiyo, la bei ileile, dogo kama yai. Gakiza alikuwa amesimama palepale. "Papa, unaniharibia jina!" alilalamika. Papa Télesphore akamjibu kwamba mandazi hayakuwa na kosa, wala Gakiza, na kwamba yeye mwenyewe atalila la pili kwa kuwa la kwanza linahitaji shoka.

Kwa Mama Liliane jambo hili halikuwa la mandazi. Yeye huuza usipa mkavu, dagaa wa ziwani, sokoni na analea watoto wanne peke yake. Posho ya chakula ya wakimbizi hulipwa kwa kwacha, na kiwango cha mwaka 2024 kilikuwa kimepangwa kabla ya thamani kushushwa, kidumu hadi Desemba. Posho iliyokuwa ikimfikisha mwisho wa mwezi sasa ilimfikisha tarehe kumi na tisa. Kina mama wa soko walikubaliana ombi moja: kiwango kipimwe upya kila miezi mitatu, kwa kuangalia bei ya mahindi ya Dzaleka. Februari ulipoitishwa mkutano wa kusikiliza maoni mjini Lilongwe, walimtuma Mama Liliane. Alipewa dakika tano, na Papa Télesphore wa kumtafsiria.

Ukumbi ulikuwa City Centre, wenye viti laini na maji ya chupa. Waliketi bega kwa bega. Mtaalamu mmoja wa uchumi, ambaye ndiye angepeleka maoni kwa wapangaji wa posho, alieleza kwa upole kwamba mageuzi huumiza kabla ya kuponya, lakini maumivu yatakuwa ya muda mfupi. Zamu ya Mama Liliane ilipofika, alisimama.

"Muda mufupi ni siku ngapi?" aliuliza. "Mi niko na batoto bane. Nikibaambia bangojee, bataniuliza mpaka lini."

Papa Télesphore akayageuza maneno hayo kuwa Kiingereza, na kwa kanuni yake akasema: mimi nina watoto wanne. Mtaalamu akamgeukia yeye. Akamwambia, kwa huruma ya kweli, "Pole sana, mzee. Na mama wa hao watoto anasemaje?"

Ukumbi ukacheka. Mama Liliane hakujua kinachochekwa. Alidhani ni swali lake, akaketi. Dakika mbili zilikuwa zimeshapita na ombi lenyewe lilikuwa bado halijasemwa.

Mkalimani mwingine angeomba nafasi ya kujieleza. Papa Télesphore hakuwa na ruhusa ya kuwa na maneno yake mwenyewe, na kanuni hakuivunja. Alisimama, akabeba kiti chake, akazunguka safu nzima na kukiweka nyuma ya kiti cha Mama Liliane. Akaketi, akainama hadi kichwa chake kikawa chini ya bega la mama huyo. Kutoka huko akamtafsiria alichoambiwa, chote, pamoja na "mama wa hao watoto".

Mama Liliane akaelewa. Akasimama tena. "Mwambie mi njo mama. Aniangalie vizuri: mi sina ndevu!"

Na kutoka nyuma ya kitenge chake sauti nzito ya mzee mwenye ndevu nyeupe ikatangaza kwa Kiingereza safi kwamba haina ndevu.

Safari hii watu walicheka wakijua wanachocheka, na mtaalamu akacheka kuliko wote. Kisha akamtazama Mama Liliane usoni, akamwomba radhi, akachukua kalamu. Ombi lilisemwa katika dakika mbili zilizobaki. Mtaalamu alimjibu Mama Liliane mwenyewe, akamuuliza yeye gunia la mahindi ni bei gani, akaandika jibu lake.

Aprili kiwango kilipimwa upya. Hakikuongezwa kama walivyotarajia, na ni haki kulisema hilo. Lakini tangu hapo afisa mmoja huja sokoni kila miezi mitatu kuuliza bei ya mahindi, na humuuliza Mama Liliane kwanza. Katika kitabu kikubwa cha mapendekezo ya mkutano ule, jambo hilo ni mistari mitatu katika ukurasa wa arobaini na moja. Papa Télesphore ameuwekea alama ya wino mwekundu.

Tangu mwaka huo wakalimani wote wa ofisi huketi nyuma ya wanaowatafsiria. Amewafundisha sita, miongoni mwao Darlène na Bienvenu, ambao ndio watakaopokea ufunguo. Masomo yake ya lugha ya kila Jumamosi yako wazi kwa yeyote. Sisi wanafunzi wa sekondari tulipata humo maneno mengi ambayo vitabu vya shule havina, na Mama Liliane mwenyewe alikaa darasani miezi kumi na minne, hadi Kichewa chake kikawa cha kutegemewa.

Mkewe, Mama Cécile, ni fundi cherehani. Alipoulizwa habari za mumewe kwa ajili ya wasifu huu, alisema: "Ku nyumba anaongeaka kidogo. Saa ingine namuuliza, we unataka nini? Ananijibu, ngoja kwanza nifikirie." Mstaafu mwenyewe alipoombwa kuandaa hotuba aliomba wiki moja, kisha ya pili. Alisema amezoea maneno ya wengine, ya kwake hajui yaanzie wapi. Jana alileta karatasi moja, imeandikwa pande zote mbili.

Kwa hiyo Ijumaa kiti chake kitawekwa mbele. Wageni wetu kutoka Dowa na Lilongwe hawajui Kiswahili, na Mama Liliane ameomba kuwatafsiria. Ataketi nyuma ya Papa Télesphore, ameinama, kichwa chini ya bega. Mkisikia sauti ya mwanamke ikisema kwa Kichewa, "Mimi nilizaliwa Uvira, nilikuwa mwalimu, na nina ndevu," msigeuke kumtafuta mwanamke huyo. Mtazameni mzee aliye mbele yake.

Papa Télesphore, asante kwa miaka yote uliyotusemea. Upumzike vizuri, usitawi nyumbani kwako pamoja na Mama Cécile, na akikuuliza unataka nini, umjibu siku hiyohiyo.