Mgeni wa Ndoo za Delbert Thibault

Ndugu waombolezaji, mimi ni Leona, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu, kama ilivyosemwa jikoni, "huyo mdomo wake hauchoki," na waliosema wamekaa benchi la tatu.

Delbert Thibault alizaliwa tarehe 9 Februari 1947 hapa hapa Kilima cha Pruitt, Vermont, akasoma shule ya kijijini hadi 1963, akaajiriwa kwenye kiwanda cha mbao, na kila Machi, kama sisi sote, akagema utomvu wa miti ya sukari, ule tunaouchemsha uwe shira, theluji ikimfika magotini.

Tarehe 12 Juni 1971 alimuoa Rosalie Gagnon, wakajaliwa binti mmoja, Corinne, aliyefika jana kutoka Arizona. Machi 1974 alimkuta nondo, kipepeo wa usiku, amezama katika ndoo ya utomvu, mdogo, rangi ya majivu, mstari mwekundu bawani, wa jamii ile ambayo viwavi wake hutembea kwa kujikunja kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri, nondo ambaye hata wenye vitabu hawajamwona; akamweka juu ya kifuniko akauke, akakimbia kuita watu, na Rosalie, kwa mazoea yetu ya kuengua wadudu kabla ya kuchemsha, akamtupa thelujini. Watu wakakuta kifuniko kitupu. Tangu hapo, jirani yetu Wendell, salamu yako ikawa, "Vipi Delbert, mkeo wa mbawa hajambo?" na mke wa kweli akaondoka 1979, akisema amechoka kuchekwa dukani.

Sisi tukahamia mipira ya plastiki ya kupitishia utomvu, yeye akabaki na ndoo, tena wazi bila vifuniko, ili mgeni wake akija apate pa kutua, na kahawa yake akainywea pale pale, peke yake, hadi uzeeni.

Mapafu yalianza kumsumbua 2017. Mchana wa Machi 21 mwaka huu wa 2019 nilimsindikiza kwenye ndoo na mtungi wake wa oksijeni, na ukingoni mgeni wake alikuwa ametua, mzima, anapepesa mbawa. Nikasema, "Nimshike?" Akasema, "Mwache, dada. Umemwona?" Nikasema nimemwona. "Basi usiwaambie mpaka niondoke, watakuja kumkanyaga na mabuti yao." Mnanijua, siri kwangu hailali, lakini hii ililala. Alifariki tarehe 3 Aprili, hospitalini mjini.

Tunawashukuru madaktari, wenzake wa kiwandani, na majirani waliofukua theluji kwenye njia ya kaburini. Ndoo bado zimetundikwa, Wendell, ukipita pale pita taratibu.

Delbert, nimewaambia. Pumzika, mdogo wangu, tulimwona wawili.