Uso wa Fundi, Siri ya Mteja

Mwezi Novemba 2017 nilishuka kwenye treni katika mji ambao sikujua hata neno moja la lugha yake. Kazi yangu ya kuandika habari za safari imenipitisha penye lugha nyingi, na ninaposhindwa kusema hununua kitu kidogo, maana muuzaji ndiye mwalimu wa kwanza wa mgeni. Nikasimama kwenye kibanda cha vikombe. Kikombe cha tatu kutoka kushoto kilikuwa na uso wa dada yangu.

Miwani ilikuwa imeshuka hadi nchani mwa pua, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, macho yanatazama juu ya fremu. Chini palikuwa na maandishi nisiyoyaelewa. Nilimuuliza muuzaji kwa lugha tatu. Ya tatu akaishika nusu. Akaweka kiganja sikioni kama simu, akalaza kichwa kama mtu aliye kitandani, akasema, "Niko njiani, niko njiani." Kisha akagonga kikombe kwa kidole ili nione bibi anavyompokea mwongo huyo.

"Huyu mama ni nani?" nikauliza.

"Nani anajua? Ni bibi wa kwenye simu."

"Ni dada yangu, tumbo moja."

"Na mimi ni mjomba wa mfalme," akasema, akanifungia kikombe kwa gazeti.

Ndugu na marafiki, bibi huyo wa kwenye simu ndiye tunayemsindikiza leo. Nyumbani tulimwita Dada, mtaani Fundi, na huko mitandaoni Bibi Miwani.

Dada alizaliwa Jumanne, tarehe 6 Mei 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yetu alikuwa mlinzi wa zamu kiwandani, na mama alifua nguo za watu. Mimi kitinda mimba nilipozaliwa, yeye alikuwa na miaka kumi na mitano, na ndiye aliyenishonea nguo ya kwanza, kutokana na shati kuukuu la baba. Nembo ya sabuni ilinikaa tumboni. Kwa hiyo katika familia hii, wa kwanza kutangaza biashara za watu bila malipo nilikuwa mimi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha miaka miwili ya chuo cha ushonaji. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti ya mwisho: "Mikono mizuri, maneno machache." Hakuna aliyewahi kumsahihisha mwalimu huyo.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye karakana ya sare za wauguzi, akakaa humo miaka kumi na mmoja. Mwaka 1985 alikodi chumba chake mwenyewe, mlango wa sita katika uchochoro wa mafundi, akaweka cherehani moja, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Sheria ya chumba kile ilikuwa moja: kipimo cha mteja hakitoki nje. Bibi harusi anayenenepa, bosi anayeota kitambi, mama aliyejifungua jana, wote walijua kwamba namba zao zimelala mahali salama. Wala hakubishana na mtu. Mteja akitaja kipimo cha uongo, Fundi alinyamaza, akamtazama juu ya miwani, akangoja. Alikuwa na subira ya jiwe. Mwishowe mteja mwenyewe alisema, "Haya, pima."

Ndoa yake nayo ilianzia kazini, enzi zile za karakana. Kijana mmoja wa kiwanda cha uchapaji alileta suruali yenye mfuko uliochanika. Akairudisha wiki iliyofuata, na nyingine tena. Mara ya nne Dada akamwambia, "Kaka, mfuko huu umechanwa kwa mkasi. Kama una neno, sema. Kitambaa hakina kosa." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa binti na mwana. Shemeji yetu alitutoka mwaka 2009, akiwa amevaa shati alilomshonea yeye.

Sasa nifike kwenye ile picha, maana najua nusu yenu mnaingoja.

Ilipigwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 2016, na fundi simu wa mlango wa pili. Alikuwa ametengeneza simu ya mtu, akawa anaijaribu kamera yake. Akaelekeza popote, na popote pakawa dirisha la Dada. Mwenye simu alipofika nyumbani akakuta sura ile, akaikata pembeni kumwondoa mteja aliyeonekana mgongo, akaandika chini yake, "Unasema uko njiani?" Akaituma kwenye kundi la wafanyakazi wenzake, ambamo kulikuwa na mchelewaji sugu. Ni hivyo tu. Meme, picha ya mzaha inayozagaa, haina mwasisi mwenye mpango. Ina mtu mmoja aliyechoka kungoja. Baada ya siku tisa picha ilikuwa imerudi mtaani kwa Dada kupitia simu za watu wasiojua kwamba inaishi pale. Wengine waliandika, "Simu ilizima chaji, eeh?" Wengine, "Ulikuwa umelala saa ngapi?" Ilivuka mipaka bila pasi ya kusafiria, na kila lugha niliyoipitia ilikuwa na uongo wake wa kuandikwa chini ya picha.

Biashara nayo haikulala. Kampuni ya chai ya kupunguza tumbo iliitundika kwenye vituo vya basi na maneno, "Kiuno chako kinadanganya." Haikumuuliza mtu. Dada alivaa gauni lake la bluu, akaenda na fundi simu kwenye ofisi ya msaada wa sheria, akaenda tena, na tena, miezi saba, hadi bango la mwisho likashushwa. Kisha wakaja wauza miwani, hao kwa adabu, wakabisha hodi. Wakaweka mkataba mezani na donge nono, nono zaidi kama angewapa picha nzima isiyokatwa na kusema mteja aliyedanganya alikuwa nani. Mtaani walikuwa wameshasimulia kwamba Fundi humtazama hivyo anayetaja kipimo cha uongo, na mitandaoni watu walikuwa wakimsaka mtu huyo kama mwizi.

"Picha iliyokatwa, chukueni," Dada akawaambia. "Uso ni wangu, nauza nikitaka. Mteja si wangu."

"Mama, hilo ndilo watu wanataka."

"Watu wanataka mengi. Mimi nashona nilichopima."

Akachukua kalamu, akaongeza kifungu kwa mkono wake: mteja haulizwi. Wakatia saini. Kwa fedha hiyo alinunua chumba cha jirani na cherehani nne za umeme, na wanawake wanne wanaishi kwa cherehani hizo mpaka leo. Fundi simu aliyemwona mteja yule alipewa onyo lake: "Ulichoona wewe ni mgongo." Akauona mgongo tu, miaka minane.

Dada alianza kuugua figo Februari 2023. Nikimpigia kutoka ugenini aliniambia, "Naendelea vizuri, we endelea na matreni yako," nami nikaendelea, jambo ambalo nitalijibu mwenyewe mbele ya Mungu. Hospitalini wagonjwa walimtambua, wakaja na simu zao kupiga naye picha, akawapangia foleni kwa umri. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 2 Oktoba mwaka huu, na akafariki Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, binti yake akimsuka nywele.

Jioni hiyo hiyo picha ikafufuka duniani kote, na msako ukafufuka nayo. Kituo kimoja cha televisheni kilitupigia kikitaka "siri ya Bibi Miwani" kabla ya mazishi. Familia ilikaa, ikakubaliana: alichonyamazia Dada, nasi tutanyamaza.

Jana saa kumi alikuja nyumbani mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mnayemfahamu wengi. Akakataa kiti cha wageni, akaketi kwenye benchi pamoja nasi.

"Mteja ni mimi," akasema.

Kwenye picha nzima, akasema, ungeona mgongo wake na ngumi iliyoshika suruali isianguke. Alikuwa amekonda kwa maradhi aliyowaficha watoto wake, kwa sababu harusi ya binti yake ilikuwa imebaki wiki tatu. Alimwambia Fundi, "Usinipime, andika kiuno thelathini na nane, kama zamani." Ndipo Dada akamtazama. Dunia imelicheka jicho lile kama jicho la kumkamata mwongo; lilikuwa jicho la kumngoja mgonjwa. Aliposema ukweli, Dada alimshonea suti yenye bitana mbili, pedi za mabega na pamba nyembamba kifuani, akang'aa harusini na hakuna aliyeshtuka. Masharti yalikuwa kwamba suti ya pili atashonewa akishaonwa na daktari. Mwalimu aliirudia suti ya pili Agosti ile, mzima.

"Basi kaa nayo, Mwalimu," dada yangu wa tatu akamwambia. "Ameibeba muda wote huu, haikumwelemea."

"Mimi imenielemea. Watu wanamtukana mtu wasiyemjua, na yeye alikataa mali kwa ajili yangu. Watoto wangu nimewaambia asubuhi. Wewe utakayesoma wasifu, iandike. Sitaki azikwe na siri yangu."

Nimeiandika. Mwalimu yuko hapa, safu ya pili, na watoto wake wako naye. Anayetaka kumcheka na amcheke sasa, tukimwona.

Dada ameacha binti, ambaye ni mkunga, mwana, mpima ardhi, mkwe mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wajukuu watano, wadogo zake wanne, nikiwemo mimi, na mafundi wanne wa mlango wa sita. Wenye nguo zilizokwisha kushonwa waje Jumatatu kuanzia saa mbili. Nitakuwepo mimi kuwakabidhi, na Jumatatu nyingine pia, maana tiketi nimeirudisha.

Miaka thelathini mimi ndiye niliyekuwa nikiondoka, na yeye akibaki mlangoni na pini midomoni, asiweze hata kusema kwaheri. Leo ni zamu yake kwenda. Nenda, Dada. Mungu akupumzishe kwa amani. Huku nyuma tupo.