Kisanduku cha Katikati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari Mkuu wa hospitali yetu, Matroni, ndugu wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo, mafundi wenzangu wa karakana, ndugu wagonjwa na mliowahi kuwa wagonjwa, wageni waalikwa, na wewe mama watoto uliyekaa mstari wa mbele ili nisivuke dakika zangu: nawasalimu nyote kwa heshima kubwa.

Miaka thelathini na moja nimetengeneza viti vya magurudumu katika chumba kile nyuma ya dobi, na leo nastaafu. Walionitangulia hapa wameisifu mikono yangu mpaka nikaanza kuitazama upya. Nawashukuru. Lakini mimi sikuja kuzungumzia mikono. Nimekuja kuzungumzia mchoro wa hifadhidata, na najua mafundi wenzangu pale nyuma wameshaanza kukonyezana.

Kwa wasiojua, hifadhidata ni lile daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta, na kabla ya kulitengeneza lazima mtu achore. Kila kitu unachotaka kukikumbuka unakichorea kisanduku. Vitu vinavyohusiana unaviunganisha kwa mstari, na mwishoni mwa mstari unaweka alama ya kuonyesha kama ni kimoja au ni vingi. Ile ya vingi ina vidole vitatu, kama mguu wa kuku. Waliosomea jambo hili miaka mitatu wanisamehe kwa kulimaliza haraka hivyo.

Miaka miwili iliyopita alikuja karakana binti mmoja, mtaalamu wetu mpya wa kompyuta aliyekuwa akitengeneza hifadhidata ya hospitali, na daftari lake mkononi. Mimi nilikuwa nimevaa kinyago cha kuchomelea, cheche zinaruka.

"Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, kila mgonjwa anakuwa na kiti kimoja?"

Nikainua kinyago nusu. "Marahaba. Sasa wewe, mtu ana makalio mangapi?"

Mheshimiwa, niwie radhi kwa neno hilo, lakini ndivyo nilivyosema. Mafundi wakacheka, binti naye akacheka kwa adabu, akaandika, akaenda zake. Nami nikarudi kwenye chuma changu nikijiona nimejibu vizuri sana.

Kwa jibu langu hilo, kiti kikaingizwa ndani ya kisanduku cha mgonjwa, pamoja na jina lake, umri wake na namba yake ya simu. Na karani wetu wa rekodi, ambaye wote tunajua alivyo mtu wa usafi, mgonjwa akipona alikuwa anamfuta ili orodha isijae. Akimfuta mtu, na kiti kinafutika. Mnaona balaa lilipojificha? Kila aliyepona aliturudishia kiti ukutani na kutuondolea kiti ofisini. Karakana ikawa na viti kumi na tisa vimekunjwa na kutundikwa, na kompyuta inasema hakuna hata kimoja. Mimi sikuwahi kufungua kompyuta, wala ofisi haikuwahi kufungua mlango wangu.

Wakati huo alikuwapo mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, ambaye ameniruhusu kumsema leo. Alianguka kwenye ngazi za shule, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikakosa nguvu. Kila mwezi ndugu zake walikuja kuomba kiti, na kila mwezi ofisi iliwaambia cha kipimo chake hakipo. Darasa lake likashikwa na mwalimu wa muziki, mtu mwema kabisa, ila hesabu za sehemu zilimtoa jasho kuliko wanafunzi. Mwezi wa tano wa kusubiri, kaka zake wawili walimbeba kwenye kiti cha plastiki, mmoja huku mmoja huku, wakamfikisha mlangoni kwangu.

Nilimtazama nyonga mara moja tu, macho ya fundi hayahitaji futi: inchi kumi na nane. Kiti namba arobaini na sita kilikuwa kimetundikwa nyuma ya kichwa changu. Nikakishusha, nikakifuta vumbi, nikakaza breki. Dakika kumi hazikuisha. Akakaa, akazungusha gurudumu kushoto, akazungusha kulia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Fundi, kilikuwa hapa miezi yote hii?"

"Kilikuwa hapa, mwalimu."

"Na wewe ulikuwa hapa?"

Ndugu zangu, nimeunguzwa na moto wa kuchomelea mara nyingi, na sijawahi kuumia kama siku ile. Niliinama nikajifanya nakaza nati iliyokwisha kukazwa.

Alipoondoka nikabeba hasira yangu hadi chumba cha kompyuta. "Mtambo wako umemfungia mwalimu ndani miezi mitano," nikamwambia yule binti mbele ya wenzake. Hakubisha. Alifungua daftari lake, akanionyesha tarehe, na chini yake, kwa mwandiko mzuri wa kutia aibu: fundi anasema mtu ana makalio mangapi, yaani kiti kimoja.

Nikavuta kiti nikakaa.

"Kosa ni langu, mzee," akasema. "Nilitakiwa niulize mara ya pili."

"Ni letu," nikasema, na mama watoto ni shahidi kwamba neno hilo huwa halinitoki kirahisi. "Nifundishe kuchora."

Basi kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana tukawa tunafagia vumbi la chuma, tunachora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Ndipo mafundi walipompa yule binti jina la Chaki. Zoezi la kwanza lilikuwa familia yangu. Nikachora baba, nikachora mama, nikachora watoto. Nikawaunganisha watoto na baba, nikawaunganisha watoto na mama, nikasimama kwa majivuno. Chaki akatazama, akaniuliza, "Mzee, kwani wewe na mama hamfahamiani?"

Mama watoto, nilisahau mstari, sikukusahau wewe.

Nilichora kantini. Nilichora timu ya mpira ya wauguzi, nikachora na kwaya. Nilifuta kwa kitambaa kibichi mpaka magoti yakaniuma, na kila nilipodhani nimemaliza, Chaki alikuwa na swali lilelile: "Na huyu akiondoka, kinabaki nini?" Mchezaji akiondoka, jezi inabaki? Mpishi akiondoka, sufuria inabaki? Lilinikera swali hilo, kisha nikalizoea, mwisho nikawa najiuliza mwenyewe hata nikiwa naoga.

Alhamisi ya saba tukafika kwenye viti. Nikachora mtu huku na kiti kule. Nikaweka mguu wa kuku upande wa mtu, maana kiti kimoja hukaliwa na watu wengi mmoja baada ya mwingine. Nikaweka mguu wa kuku upande wa kiti pia, maana mtoto anakua na kila akikua tunambadilishia.

"Sawa," Chaki akasema. "Tarehe ya kukabidhiana utaiandika kwa nani?"

Nikaiandika kwa mtu. Lakini mtu huyo keshachukua viti vinne, hii ni tarehe ya kipi? Nikaihamishia kwa kiti, nako ikawa hivyohivyo. Nilizunguka mchoro ule kwa magoti karibu robo saa, kisha nikachora kisanduku kidogo katikati, kati ya mtu na kiti.

"Tarehe si ya mtu wala si ya kiti," nikamwambia. "Ni ya kukutana kwao."

Chaki akafungua boksi, akanipa chaki nzima, mpya. Jamani, nilifurahi, nilifurahi kama mtoto, na umri ule.

Kisanduku hicho cha katikati ndicho tunachokitumia mpaka leo. Mtu akipona hafutwi; anaandikiwa siku aliyorudisha, basi. Daktari Mkuu, nakushukuru kwa kukubali mfumo uvunjwe na kujengwa upya kwa neno la fundi na binti wa chaki. Karani wetu, nakushukuru kwa kujizuia kufuta, najua ilikuwa kazi. Chaki mwanangu, nakushukuru kwa kuuliza mara ya pili, na ya tatu.

Nimalizie na la leo. Saa tatu asubuhi mwalimu alikuja karakana kurudisha kiti namba arobaini na sita. Alikuja kwa miguu yake, anakisukuma mbele yake kikiwa kitupu. Karani akaandika tarehe, na sisi wote tukakodolea macho skrini: mwalimu amepona, na kiti kipo. Ilipofika saa tatu na nusu kilikuwa kimeshakabidhiwa kwa kaka yetu dereva wa lori aliyelazwa wodi ya pili. Dereva akauliza nani alikikalia kabla yake, mwalimu akajibu mwenyewe, akamwonyesha namna ya kukata kona bila kugonga mlango. Kisha wakatoka pamoja kuja ukumbini humu, na kwenye korido nzima dereva alikuwa anashika breki ili mwalimu amfikie.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, ahsanteni sana.